Jumatano ya Mwisho ya Mfungo Tano

Jumapili, 3 Agosti

Sura ya tisa tena. Lenzi. Tangu asubuhi niko chumbani kwa Bibi kwa sababu kiyoyozi chake ndicho pekee kinachofanya kazi ya maana. Yeye yuko pembeni anatoa kokwa za tende. Nimefanya maswali ishirini, kumi na moja makosa. Nimeirusha raba ukutani. Bibi kauliza kuna nini, nikasema nzi.

Zimebaki siku kumi na saba. Mtihani wa marudio ni Jumatano tarehe 20, Nizwa, safari ndefu kutoka hapa Ibra. Mwezi wa Juni nilipata sitini na moja na chuo cha udaktari kinataka sitini na tano. Pointi nne, yarabi! Kurudia ni mara moja tu, na wanatazama alama ya mwisho hata ikiwa mbaya kuliko ya kwanza. Tena hawamchukui aliyemaliza skuli zaidi ya miaka miwili. Mimi mwaka huu natimiza miwili. Kwa hiyo ndiyo hii, hakuna nyingine.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu humu ndani hakuna atakayeisoma. Mama ni mtu wa Jalan, hapa hapa Oman, Kiswahili anakisikia kidogo, hakisomi. Kaka yangu Said anajua matusi tu. Baba anasoma lakini si mfukunyuku. Bibi ndiye aliyenifundisha kuandika, ila macho yake sasa hayaoni herufi, na mimi nimekuwa karani wake. Kila wiki ananitajia, namwandikia dada yake Bi Zamzam aliyebaki Unguja, kwenye simu. Bi Zamzam masikio yamekufa. Sauti hazimfai, lazima maandishi.

Jumanne, 5 Agosti

Makosa saba kati ya ishirini. Afadhali. Biolojia sina wasiwasi nayo, kemia nusu kwa nusu. Fizikia ndiyo itakayoniua.

Maji ya bomba yanatoka moto. Said kaenda Ras al Hadd na wenzake kuogelea. Namchukia.

Alkhamisi, 7 Agosti

Leo nimejiharibia kwa mdomo wangu mwenyewe.

Bibi kaniuliza mtihani lini. Nikamwambia Jumatano ya tarehe ishirini. Akaacha tende. Yeye miezi ya kizungu haijui na wala haitaki. Anahesabu kama walivyokuwa wakihesabu kwao Malindi ya Unguja, kuanzia Ramadhani inapokwisha: Mfungo Mosi, Mfungo Pili, Mfungo Tatu, hivyo hivyo. Akahesabu kwa vidole, midomo inacheza. Mara uso ukambadilika. Hiyo, kasema, ni Jumatano ya mwisho ya Mfungo Tano.

Yaani mwezi wa Safar. Wazee wa Unguja Jumatano hiyo hawasafiri, hawaozi, hawaanzi jambo. Siku ya nuhusi. Ati mikosi yote ya mwaka inateremka siku hiyo moja. Nikamwambia, Bibi, mtihani uko kwenye kompyuta, na kompyuta haijui Mfungo Tano. Hakucheka.

"Mara ya kwanza pia ulinicheka, mwanangu."

Kweli nilimcheka. Ile siku ya Juni alitaka anisomee Yasini na anifukize udi kabla sijatoka. Nikamwambia nitanuka moshi na gari inangoja. Nikatoka naye bado anasoma. Nikarudi na sitini na moja. Siku ile hakuniambia neno. Kumbe kaliweka mpaka leo.

Ijumaa, 8 Agosti

Baba kawaka mbele ya chakula. Ushirikina mtupu, kasema, Mtume kashakataza watu kuogopa Safar, na asiyeamini aende msikitini akaulize. Bibi hakubisha. Aliendelea kutoa miba ya samaki na kuniwekea minofu kwenye wali. Yeye hajamkataza mtu, kasema. Kasema anachokijua tu. Ndiyo mbinu yake hiyo. Anakuachia kitu mapajani, halafu anajifanya hakijui.

Mama kasema kwa Kiarabu nisome na mengine nimwachie Mungu. Said kauliza kama kuna kachumbari zaidi.

Mimi nimekula minofu yangu. Lakini kichwani nilikuwa tayari naiona tairi imepasuka njia ya Sinaw, hakuna kivuli, hakuna mtandao, saa inakwenda. Upuuzi. Na mimi ndiye ninayetaka kuwa daktari.

Jumapili, 10 Agosti

Makosa kumi na mbili. Kumi na mbili! Nimerudi nilikotoka, na nyuma yake. Nikifungua kitabu naiona Jumatano.

Nimemkumbuka Babu. Nilikuwa na miaka tisa alipolazwa. Alikaa Oman miaka zaidi ya arubaini, Kiarabu anakisema kama maji, lakini ugonjwa ulimfuta Kiarabu chote akabaki na Kiswahili. Daktari alikuwa mgeni, anamuuliza kwa Kiarabu cha kuungaunga wapi panauma, Babu anajibu, hakuna anayeelewa. Baba alikuwa nje anatafuta pa kuegesha gari. Nikasimama mimi. Anasema panachoma hapa, panakwenda mgongoni. Anasema ana kiu. Daktari akaandika nilichosema mimi. Siku ile ndiyo nilijua nataka kuwa nani, na sijapata kutaka kitu kingine. Ndiyo maana naogopa hivi. Sina kitu cha pili cha kutaka.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimetazama kwenye tovuti ya mtihani. Nizwa wana siku nyingine, Jumatano ya tarehe 27. Nafasi zipo. Ruhusa ya kubadilisha inakwisha Jumatano hii.

Nimehesabu. Majibu wanatoa baada ya siku saba za kazi. Nikifanya tarehe 20, majibu yanatoka Jumapili ya tarehe 31, maombi ya chuo yanafungwa Jumapili ya tarehe 7 Septemba, saa nane mchana. Nafasi tele. Nikifanya tarehe 27: Alkhamisi moja, Jumapili mbili, Jumatatu tatu, Jumanne nne, Jumatano tano, Alkhamisi sita, Jumapili saba. Jumapili hiyo ndiyo tarehe 7. Majibu wanatoa asubuhi, saa mbili, saa tatu. Nayapandisha kwenye tovuti ya chuo saa hiyo hiyo, saa nane haijafika. Inatosha. Inatosha kwa unywele, lakini inatosha.

Maulidi nimeyakumbuka pia, si kwamba sikuyakumbuka. Yanaangukia Ijumaa tarehe 5, siku ambayo hata hivyo si ya kazi. Hayaguzi kitu.

Jumanne, 12 Agosti

Nimebadilisha. Asubuhi, kabla ya chai, kwa kidole kimoja.

Bibi nimemwambia yeye kwanza. Kanishika kichwa kwa mikono miwili akanibusu kwenye paji, akaniombea mpaka nikaona haya. Jioni kapika vitumbua kwa mkono wake, na goti lake lile linalomuuma.

Baba nimemwambia baadaye. Kanitazama. Kauliza majibu yatawahi? Nikamwonesha hesabu. Kahesabu na yeye kwa vidole, kafika Jumapili, kavikunja vidole. Mwisho kasema mtihani ni wako. Ningependa angenigombeza.

Na hili naliandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kuliandika. Si Bibi peke yake. Nilipoiona tarehe 27 kitu cha kwanza kilichonijia kichwani hakikuwa nuhusi. Kilikuwa siku saba zaidi za lenzi. Lakini kila atakayeniuliza namwambia Bibi.

Jumamosi, 16 Agosti

Makosa matano. Matano tu, na mawili ni ya haraka, si ya ujinga. Zile siku saba zinanifanyia kazi hata kabla hazijafika. Nimelala mchana bila kushtuka.

Jumatano, 20 Agosti

Siku ya nuhusi yenyewe. Bibi katuamsha mapema. Kaandika aya kwa zafarani kwenye sahani ya kauri, anaandika kwa kukisia kwa sababu haoni, kaisuuza kwa maji ya waridi, na kila mtu kanywa fundo. Baba alikunywa! Bila kumtazama mtu. Unguja, kasema Bibi, siku hii watu wote hushuka pwani wakaoga baharini. Ibra hakuna pwani, kwa hiyo kila mtu kopo la maji kichwani, uani. Said kapiga mayowe makusudi, Bibi kacheka mpaka kakaa chini.

Muna, mwenzangu wa skuli, kafanya mtihani wake leo Nizwa. Kanipigia mchana. Hakuna tairi iliyopasuka. Kompyuta haikuzimika. Lenzi maswali mawili tu, kasema, rahisi.

Nimekwenda chooni nikafungua bomba ili wasinisikie.

Jumanne, 26 Agosti

Makosa mawili. Sina la kuongeza. Nguo tayari, kitambulisho tayari.

Safari hii nimekaa kwenye mkeka wa Bibi tangu mwanzo wa Yasini hadi mwisho. Chetezo kakipitisha chini ya shela, kila upande. Nanuka udi mpaka kwenye daftari hili.

Jumatano, 27 Agosti

Nimefanya.

Tulitoka alfajiri, Baba kaendesha. Mtihani uko kwenye chuo kimoja cha Nizwa, jengo jeupe lenye zulia la buluu. Kuna nafasi yangu ya kusomea kompyuta hapo hapo, nimekubaliwa tangu Julai, ndiyo akiba yangu nikikosa udaktari. Sikutazama madarasa yao. Niliingia, nikakaa, nikafanya. Lenzi maswali manne. Yote nimeyajua. Nimemaliza na dakika kumi na moja mkononi na sikubadilisha hata jibu moja.

Nimefaulu. Sijaona alama lakini najua. Njiani nilimwambia Baba, akanunua halua pale pale Nizwa, ya Bibi.

Jumapili, 31 Agosti

Muna kapata majibu yake. Siku ya saba ya kazi, kama nilivyohesabu. Sitini na nane. Keshapandisha maombi yake. Nimemwambia mabruk na nilikuwa namaanisha, karibu yote.

Wiki moja. Fomu yangu nimeshaijaza, picha, cheti cha skuli, kitambulisho. Kumebaki kisanduku kimoja, cha alama.

Jumatatu, 1 Septemba

Bibi kaniandikisha orodha ya wanawake wa kualikwa maulidi. Ishirini na sita. Kila nikimaliza anakumbuka mwingine. Anataka watu wake wa Unguja wote, wa Ibra na wa Sur, na wawili kutoka Dima wa Tayyin. Siku bado hajachagua. Nimemwandikia na Bi Zamzam, kwamba mjukuu wako anangoja majibu, muombee huko.

Jumanne, 2 Septemba

Serikali imetangaza mapumziko ya Maulidi. Jumapili, tarehe 7.

Nimesoma mara tatu. Maulidi yameangukia Ijumaa, Ijumaa si siku ya kazi, kwa hiyo wamewarudishia watu siku yao, Jumapili. Kila mwaka wanafanya hivi sikukuu ikianguka wikiendi. Kila mwaka! Said kapiga kelele ya furaha sebuleni. Mama kasema alhamdulillahi, tutapata nafasi ya kupika.

Alkhamisi sita. Jumapili si ya kazi. Jumatatu saba. Jumatatu ni tarehe 8.

Mtoto yeyote wa nyumba hii anajua kwamba ukitoka Mfungo Tano unaingia Mfungo Sita, na Mfungo Sita ndio Maulidi. Jana tu nilikuwa naandika orodha ya maulidi kwa mkono wangu huu. Mkono huu huu! Nimekimbia siku ya Bibi nikaja kujigonga kwenye sikukuu ya Bibi. Na Baba alihesabu na yeye, na yeye hakuona.

Kesho asubuhi nawapigia simu.

Jumatano, 3 Septemba

Nimepiga simu kwenye kituo cha mtihani. Mwanamke mpole. Majibu yanakuja kutoka nje, wao wanayahakiki kisha ndiyo wanayatoa, na Jumapili hakuna mtu wa kuyahakiki. Nikauliza hayawezi kutoka Alkhamisi? Inshaallah, kasema. Namna ile ya inshaallah ya kukata simu.

Nimepiga chuoni. Kijana kasema mlango wa maombi unajifunga wenyewe, mashine ndiyo inayofunga, sikukuu au si sikukuu. Nikasema fomu yangu imekamilika yote isipokuwa alama. Basi haijakamilika, kasema.

Baba kampigia jamaa yake aliye wizarani. Na yule kampigia mwenziwe. Jibu limerudi baada ya Alasiri: zamani, enzi za karatasi, tungekusaidia.

Bibi haelewi kwa nini sili. Baba kamwambia ni wasiwasi wa majibu. Kweli ni hivyo.

Alkhamisi, 4 Septemba

Nilikaa na simu tangu saa moja asubuhi. Kila baada ya dakika tano naifungua. Saa nane na nusu ofisi zimefungwa. Hakuna.

Jumapili, 7 Septemba

Bibi kaichagua leo kwa maulidi, kwa sababu watu hawana kazi. Walikuja zaidi ya ishirini na sita. Shela za rangi zote, watoto, masinia. Nilimwaga uji wa mtu, sijui wa nani. Nilikwenda na kurudi na mrashi, nawanyunyizia watu marashi ya waridi mikononi, na kila mmoja ananiuliza, daktari wetu hajambo? Majibu lini? Bibi kawaambia wote. Nikasema kesho. Hilo halikuwa uongo.

Simu nilikuwa nayo kiunoni, ndani ya nguo. Tovuti ya mtihani: bado. Tovuti ya chuo: mlango wazi, saa inahesabu kurudi nyuma. Kisomo kilianza baada ya Adhuhuri. Sauti zao zilikuwa nzuri, lazima niseme, Bibi alikuwa analia kwa raha.

Tuliposimama kwenye kiyamu, wanawake wote wamesimama, chetezo kinazungushwa, nikaichomoa simu. Saa nane kasoro dakika mbili. Nikasimama naitazama. Kasoro moja. Halafu ukurasa ukageuka wenyewe, ukawa kijivu. Muda wa maombi umekwisha, tunawashukuru.

Bibi alikuwa kanishika mkono mwingine. Akaubana. Kadhani nalia kwa Mtume.

Jumatatu, 8 Septemba

Sabini na tatu.

Saa mbili na dakika kumi asubuhi. Sabini na tatu. Nane zaidi ya wanayotaka.

Baba hakwenda kazini. Kachapisha karatasi, kanipakia garini, tumekwenda moja kwa moja Maskati, chuoni. Kijana wa dirishani kaichukua, kaisoma, kasema mashaallah. Kisha kasema mfumo umefungwa. Baba kaomba mkubwa wake. Mkubwa kaja, mtu mzima, kaisoma na yeye, kasikitika kweli, nilimwona. Wakifungua kwa mmoja, kasema, lazima wafungue kwa wote. Nikauliza mwakani je? Kaitazama tarehe ya cheti changu cha skuli. Kanirudishia karatasi kwa mikono miwili.

Kurudi, Baba kaendesha mpaka tumepita milima. Kisha kaanza. Mama yangu, na Jumatano yake hiyo, lazima aambiwe, kasema. Lazima ajue kitu gani kafanya. Sijapata kumsikia anamsema mamake hivyo. Nikamwambia simamisha gari.

Akasimama pembeni. Nikamwambia. Kwamba sikubadilisha kwa ajili ya Bibi tu. Kwamba nilitaka siku saba zaidi za fizikia, na Bibi nilimfanya kisingizio kwa sababu Bibi hagombezwi na mtu. Na kwamba zile siku saba ndizo zilizonipa sabini na tatu. Tarehe 20 huenda ningepata sitini na mbili. Sijui. Hapana anayejua. Na kwamba vidole vilivyohesabu vilikuwa vyangu, na vyake pia.

Malori yalikuwa yanapita, gari inatikisika. Baba kalia. Mimi sikulia.

Jumanne, 9 Septemba

Nikimwambia Bibi nimepata sabini na tatu, atauliza mbona huendi. Nikimwambia kwa nini siendi, atahesabu. Huyu mtu anahesabu vizuri kuliko mimi. Atahesabu kwa vidole mpaka atakapofika, na atakapofika hatoki tena pale. Ana miaka themanini na mbili. Kaacha nyumba, kaacha dada, kazika mume katika nchi ambayo alipoingia hakuwa akijua hata kuomba maji. Hili simpi.

Nimemwambia nimeanguka.

Nilikaa kwenye mkeka wake nikamwambia hivyo, Bibi, nimeanguka. Kasema, tena? Nikasema, tena. Kanivuta nikalaza kichwa mapajani. Kasema pole, pole mwanangu, pole mama. Kisha kasema fikiria basi kama ungefanya siku ile ya nuhusi.

Nikasema ndiyo, Bibi.

Mama na Said wameshaambiwa, na wameahidi. Karatasi ya majibu iko ndani ya daftari hili. Kwa mara ya kwanza nafurahi kwamba Bibi haoni.

Alkhamisi, 11 Septemba

Muna kakubaliwa. Nimemtumia ua. Kisha nimelala mpaka Magharibi.

Vitabu vya fizikia nimempa mtoto wa jirani. Vya biolojia nimevishika, nikavirudisha kabatini. Sioni mbele. Watu wanasema kompyuta ni kazi nzuri, ina heshima, hakuna damu. Wanasema kama kwamba damu ndiyo iliyokuwa tatizo.

Jumamosi, 13 Septemba

Siku ya Bi Zamzam. Baada ya Alasiri Bibi kaniita na simu, nikakaa pale pale ninapokaa kila wiki. Tende mpya zimeletwa, alikuwa anazichambua. Kanitajia, mimi naandika.

Dada yangu mpenzi, salamu nyingi. Maulidi yetu yalipendeza, watu walijaa, tulikukumbuka kwenye kiyamu. Rayya kaanguka mtihani wake. Alilala siku mbili bila kula, sasa anakula kidogo. Riziki ya udaktari hakuandikiwa. Lakini tunashukuru tuliikwepa ile Jumatano ya mwisho ya Mfungo Tano, maana siku ile na safari ile ndefu, pengine tungempoteza yeye mwenyewe. Mtihani si kitu, mtoto yupo.

Kaniambia nimsomee. Nikamsomea tangu salamu. Kauliza, umeandika yote? Nikasema yote, Bibi, kama ulivyosema. Nikabonyeza. Ikaenda.

Bi Zamzam kajibu hapo hapo, neno moja, alhamdulillahi. Bibi kafurahi. Kanipa tende iliyo bora kwenye sinia, na kauliza naanza lini huko Nizwa. Nikamwambia Jumapili, tarehe 21. Kaweka sinia chini, kahesabu kwa vidole, pole pole, midomo inacheza.

Kasema ni siku njema.